Madesa au kitabu: laki moja ya mdogo wangu anayesomea uuguzi niipeleke wapi?

Sista Nala (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Mdogo wangu wa mwisho yuko mwaka wa pili, diploma ya uuguzi na ukunga, chuo kimoja humu humu mkoani Dodoma. Jumapili alikuja kwangu kula. Kabla ugali haujaiva akaniuliza: "Dada, ile laki uliyoniahidi, ninunue kitabu cha ukunga au nifotokopi lile desa la jalada la kijani, hela itakayobaki nijazie kipima presha?"

Nikaacha mwiko sufuriani. Lile desa bado lipo?

Kwa msiolijua, ni rundo la karatasi kama mia na ishirini, limebanwa ringi, jalada la kijani, limeandikwa kwa mkono na mtu ambaye hakuna anayemjua. Mwandiko wake unasomeka kuliko wa mwalimu yeyote niliyewahi kukaa mbele yake. Mimi nililikuta kwa dada mmoja tuliyepanga naye Ng'ong'ona, naye alilipata kwa waliomtangulia. Kila ugonjwa una vichwa vilevile: maana, visababishi, dalili, vipimo, matibabu, huduma ya muuguzi. Ukivishika hivyo sita, mtihani haukukuti mtupu kabisa. Sitalisema vibaya, lilinivusha masomo mengi.

Lakini kuna ukurasa wa 34.

Ukurasa wa 34 ni kifafa cha mimba, na chini yake kuna doa jeusi la ukubwa wa kisoda. Miaka hiyo mtu aliweka kikombe cha chai juu ya nakala ya kwanza. Fotokopi ikalichukua lile duara, na kila nakala ya nakala ikalizidishia weusi. Mistari inayoingia kwenye doa inasema hivi: kabla ya kurudia dozi ya magnesiamu salfeti (sindano ya kuzuia degedege), hakikisha mambo matatu. La kwanza, mama anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika. La pili, goti linashtuka ukiligonga. La tatu ni doa.

Mwaka wetu tulikariri mawili na doa. Sitanii. Swali lilipokuja nikaandika mawili, nikaweka namba 3 na nukta, nikaacha nafasi kana kwamba karatasi yenyewe itanikumbusha. Nilikula sapu (mtihani wa marudio) ya ukunga. Si kwa swali hilo tu, ila lilichangia.

Kilichoniuma zaidi kilitokea wodini. Niko mafunzoni, mama kaletwa na kifafa cha mimba, kashapewa dozi ya kwanza. Sista wa zamu akanigeukia: "Mkojo kiasi gani?" Nikadhani anauliza kama shuka limelowa. Nikamjibu, "Hajajikojolea sista." Aliniangalia, hakusema kitu, akainama mwenyewe akasoma mfuko wa katheta. Ndiyo la tatu hilo: mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa.

Usiku ule niliazima kitabu cha mwanafunzi wa digrii. Maelezo yenyewe ni kama mistari mitatu. Dawa hii inatoka mwilini kupitia figo. Mkojo ukipungua sana, dawa inabaki ndani na kila sindano inajilimbikiza juu ya iliyotangulia. Kwanza goti linaacha kushtuka, kisha pumzi inazama, mwisho moyo unasimama. Basi. Ningekuwa na mistari hiyo kichwani, doa lingenifanya nini? Ningelijaza mwenyewe palepale kwenye chumba cha mtihani.

Sasa mdogo wangu nimwambie nini? Mimi naegemea kitabu, ila najua nacho kina mambo yake. Karibuni. Naomba tu msinijibu "vyote viwili" mkaondoka zenu. Laki ni moja.

---

Kibuyu

Mkuu hilo desa sofkopi yake ipo?

---

Msuli Mnene

Sista heshima yako, ila desa umelionea. Kosa ni la chai. Na darasa zima la watu wazima mnaona namba 3 haina maneno, hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kumuuliza mwalimu?

Nipo mwaka wa tatu. Sijawahi kununua kitabu na sijawahi kula sapu. Hebu tupige hesabu kidogo. Kitabu cha ukunga kina kurasa elfu moja na ushee. Nikisoma kumi kila siku bila kukosa, Jumapili na sikukuu nimo, ni siku mia. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu kwa somo moja tu. Bado magonjwa ya watu wazima, bado watoto, bado afya ya akili, bado afya ya jamii, na mapumziko yangu yote yanaishia kwenye foleni ya maji na ndoo mbili. Wiki za wodini unaamka gizani ukimbilie daladala, unarudi miguu imevimba. Nani ana siku mia?

Mtihani hauulizi kurasa elfu. Chukua pasti pepa za miaka mitano, weka pembeni ya desa, uone zinavyofuatana kama treni na reli. Sisi tunakaa wanne, mmoja anasoma kwa sauti, watatu tunabishana. Anayeshindwa ananunua chipsi. Msuli unaingia hapo, siyo kwenye kulala na kitabu kifuani.

---

Bodaboda Area C

Mimi si nesi. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nimeusoma huu uzi hadi nusu nikaacha kula. Endeleeni na mjadala, ila atakayekuwa zamu siku yetu naomba asiwe na chai kwenye ukurasa wake.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha uuguzi miaka mingi na nimesahihisha mitihani mpaka macho yakaomba miwani. Sista Nala, leo umenifungulia fumbo. Nilikuwa napata karatasi, moja baada ya nyingine, mwanafunzi kaandika hoja mbili sahihi, kisha "3." na nafasi tupu. Nikadhani wamekosa muda. Kumbe ni chai!

Niwaambie kitu ambacho wanafunzi hawakijui. Msahihishaji akifika karatasi ya ishirini anajua kabisa darasa limesoma kutoka wapi, kwa sababu makosa yana ukoo. Kuna mwaka nusu ya darasa waliniandikia kwamba kipimo cha ufahamu kile cha Glasgow kinaanzia 0 hadi 15. Kipimo hicho, kilichotoka mwaka 1974, kina sehemu tatu: macho alama 4, maneno 5, miguu na mikono 6. Kila sehemu inaanzia alama 1. Kwa hiyo hata aliyekata roho ana 3. Mtu mmoja alikosea kunakili sifuri pale, ikarithiwa kama shamba.

Mwingine ukoo wake ulikuwa wa zamani zaidi. Kufufua mtu mzima moyo uliosimama: kubonyeza kifua mara 15 kisha pumzi 2. Mwaka 2005 miongozo ya kimataifa ilibadilisha ikawa 30 kwa 2. Bado miaka na miaka baadaye nilikuwa napokea 15 kwa 2, kwa mwandiko wa vijana waliokuwa shule ya msingi wakati mabadiliko yanatoka. Wameisoma wapi? Kwenye karatasi ambayo haina tarehe. Desa huwa haliandikwi mwaka.

Lakini msije mkanishangilia enyi watu wa vitabu. Kuna kijana aliniletea kitabu kinene, kizuri, kakinunua mtumba, akanibishia darasani mbele ya wenzake kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nikamwambia geuza ukurasa wa pili, soma mwaka. Kilichapishwa kabla hayo mabadiliko hayajafika. Alikuwa na desa lenye jalada gumu.

Msuli Mnene, wewe naona uko vizuri, basi nikupe swali. Pasti pepa zako weka chini. Mama amepata dozi ya magnesiamu salfeti ya kwenye msuli saa 2 usiku. Sasa ni saa 6 usiku, muda wa kurudia. Anapumua mara 18 kwa dakika. Goti linashtuka vizuri. Mfuko wa katheta tangu saa 2 una mililita 60. Unafanya nini?

---

Msuli Mnene

Shikamoo mwalimu.

Mililita 60 kwa saa nne ni 15 kwa saa. Iko chini ya 30. Dozi naizuia, namwita daktari, kalsiamu glukoneti inayoikata makali naisogeza karibu, gramu 1, ile mililita 10 ya asilimia 10, iwe tayari kama pumzi itaanza kushuka.

Ila nikiri mbele ya hadhara: nimefungua desa langu sasa hivi kuhakikisha. Lina doa. Bila huu uzi ningeona 18, ningeona goti, ningechoma.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Umepata alama zote na moja ya ukweli.

---

Binti Kondoa

Wote mnaongea, hakuna aliyegusa kilichotutesa sisi tuliotoka shule za kata. Kiingereza.

Mwaka wa kwanza niliingia maktaba na ari yangu yote, nikafungua kitabu, kuandaa mgonjwa kabla ya upasuaji. Nikakutana na sentensi inasema mgonjwa a-"void" kabla ya kupelekwa thieta. Nikafungua kamusi. Kamusi ikasema: tupu, batili. Nilikaa robo saa pale maktaba najiuliza mgonjwa anabatilishwaje. Nikafikiri labda ni mambo ya kusaini fomu. Desa likasema kwa Kiingereza chepesi tu, apitishe mkojo. Halafu mtu anakuja kuniambia desa ni la wavivu!

Na siyo aibu ya mtu mmoja. Tunasoma kwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, halafu unaingia wodini mama hajui hata neno moja la kitabu chako. Hakuambii anaumwa wapi kwa jina la kitaalamu. Anakwambia chembe ya moyo inamchoma, kichwa kinagonga, na tangu asubuhi anaona kama ukungu. Ukiwa umekariri orodha ya dalili za hatari za kifafa cha mimba kwa Kiingereza tu, zote tatu zinapita mbele yako na wewe unatafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Desa halitoi tafsiri hiyo, kitabu pia hakitoi. Mimi nilifundishwa na mama mmoja muuguzi wa zamani, mwenyeji wa huku, aliyekuwa anarudia maneno ya mgonjwa mara mbili kabla hajaandika kwenye faili.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nilikuwa nasoma desa kwanza, ukurasa mmoja, ili nijue mada inaanzia wapi na inaishia wapi. Kisha naenda maktaba kwenye mada hiyohiyo peke yake, sisomi kitabu kizima, namtafuta "kwa nini" wa kila mstari. Desa likisema mlaze ubavu wa kushoto, natafuta kwa nini kushoto. Kumbe mfuko wa uzazi mzito ukilala chali unaubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mshipa huo uko upande wa kulia wa uti wa mgongo. Naandika pembeni ya desa kwa Kiswahili. Mwaka wa pili ulipoisha pembeni pote palikuwa pamejaa, na nilikuwa siogopi tena kufungua kitabu.

---

Stesheneri ya Jirani

Nimeguswa, wacha nijitokeze. Mimi nina mashine ya fotokopi karibu na chuo. Sijui nesi anasoma nini ila najua anafotokopi nini.

Kitabu kizima hakuna anayeleta. Wanaleta wakiwa wameshika vidole katikati: "toa 410 mpaka 432". Na vile vitabu ukivikandamiza kwenye kioo gundi inaachia, nimeshalia na maktaba mara mbili. Madesa ndiyo mkate wangu. Wiki moja kabla ya mtihani foleni inafika kwa muuza miwa.

Hilo la kijani nalijua. Kuna siku moja tona ilikuwa inakaribia kwisha, nakala zikatoka hafifu, doa likafifia mpaka likawa kama halipo. Binti mmoja kaenda nayo, baada ya saa moja karudi amekasirika: "Kaka, hii siyo yenyewe. Ya wenzangu ina doa." Ikabidi nibadilishe tona nimtolee nyingine.

---

Sista Nala

Stesheneri nimecheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu kaniuliza kuna nini 😂

Binti Kondoa, la "void" nitalikumbuka maisha. Mdogo wangu nimemsomea.

---

Zamu ya Usiku

Niko kituo cha afya huku wilaya ya Bahi, naandika wamelala. Mimi nilikuwa mtu wa kitabu tangu siku ya kwanza, kaka yangu aliniletea kutoka Dar, kipya kabisa. Nitakipiga mawe kidogo kwa sababu hakuna aliyekigusa.

Kitabu kimeandikwa Uingereza. Sura ya dripu inaniambia niiweke pampu kiasi fulani kwa saa, na dawa ikiisha pampu itapiga kengele. Pampu yangu mimi ni macho na saa ya mkononi. Sura nyingine inaniambia nimwite daktari wa ganzi. Kutoka hapa hadi alipo daktari wa ganzi ni barabara ya vumbi na gari ambalo huenda limekwenda kuchukua mgonjwa mwingine. Magonjwa ya moyo wa wazee yana kurasa kibao, malaria imepewa ukurasa na kitu, kana kwamba ni ugonjwa wa watalii.

Sasa mje kwenye desa. Desa la mwenzangu lilikuwa na mstari mmoja wa dripu, kila mtu anaujua: lita moja kwa saa nane, matone 42 kwa dakika. Hakuna kanuni wala maelezo, namba tupu. Tukawa tunaitumia, ikawa inafanya kazi, mpaka siku mipira ya dripu ilipokuja ya aina nyingine. Mwenzangu akahesabu 42 zake kwa uaminifu wote. Dripu ya saa nane ikaisha kwenye saa ya sita hivi. Mgonjwa alikuwa kijana mwenye nguvu, hakuna kilichotokea, ila angekuwa bibi mwenye moyo mbovu tungekuwa tunaongea mengine.

Ile 42 ilikuwa ya mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita. Hesabu yake: mililita zidisha kwa matone ya mpira, gawanya kwa dakika. Elfu moja mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata 41 na ushee. Mipira iliyokuja ilikuwa ya 15, ilitakiwa iwe 31. Namba hiyo imeandikwa kwenye pakiti ya mpira wenyewe, ile plastiki tunayoichana na kuitupa kwenye ndoo bila kuisoma. Kanuni ipo kwenye kitabu changu, nusu ukurasa, nyuma kwenye viambatisho, mahali ambapo mwandishi ameiweka kama kumbukumbu ya mambo ya kale.

Malaria kali ndiyo hivyohivyo. Desa la watoto tulilorithi lilikuwa bado liko kwenye kwinini. Dawa imeshakuwa atesuneti tangu siku nyingi: mtoto chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, aliyefika 20 na kuendelea ni 2.4, unatoa ukimpokea, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Hayo sikuyapata kwenye desa wala kwenye kitabu kile kipya cha Dar. Niliyapata kwenye mwongozo wa matibabu wa Wizara, upo bure, umekaa kwenye simu yangu, unafunguka hata bando likiisha.

Kwa hiyo Sista, laki ya mdogo wako mimi ningeigawa hivi. Kwanza saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Usicheke. Kuhesabu pumzi, mapigo na matone kwa simu ni balaa, simu inazima, inaita, na mikono ina glovu. Halafu hela iliyobaki ndiyo tuanze kugombania vitabu.

---

Kibuyu

Wakuu sofkopi jamani, hata bila ukurasa wa 34.

---

Mpwapwa Yetu

Naongezea la vifupisho maana limeniaibisha mimi.

Desa letu la afya ya akili liliandika kwamba madhara ya haloperidoli ni "EPS". Herufi tatu tu. Niliziandika kwenye mtihani nikapata alama. Tukapelekwa mafunzoni wodi ya wagonjwa wa akili. Kijana mmoja kalazwa jana yake, kachomwa sindano, asubuhi tunamkuta shingo imejipinda imeangalia bega, macho yamegeukia juu, ulimi unatoka. Ndugu zake wanasema mashetani yamezidi, wanataka kumtoa. Na mimi moyoni nilikuwa upande wa ndugu! Muuguzi wa wodi akaja taratibu, akatuuliza wanafunzi hii ni nini. Kimya. Akasema: hii ndiyo EPS yenu. Ni misuli imekazwa na ile dawa. Akampigia daktari, akapewa dawa ya kulegeza, baada ya muda si mrefu kijana akaomba uji.

Herufi tatu nilikuwa nazo, mtu aliyepinda shingo sikuwa naye. Ila nikisema kweli, hata kitabuni ilikuwa ni aya kavu tu na picha hakuna. Pale kilichonifundisha ni yule muuguzi.

---

Msuli Mnene

Nimerudi. Mwalimu na Zamu ya Usiku mmenitikisa lakini hamjaniangusha. Niulize jambo moja la uwazi. Wote mnaotoa hizi hadithi mlishafaulu, mko kazini, mna mshahara. Mwanafunzi anayedisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) mwaka wa kwanza kwa sababu alikuwa anasoma "kwa nini" wakati mtihani uliuliza "taja vitano", nani atamlipia ada? Mtihani ukiuliza taja, mimi nataja. Huo ni ukweli mchungu, na watungaji wanahusika kuliko sisi.

---

Mwalimu Mstaafu

Hapo umenishika, na sitajitetea sana. Swali la "taja" ni rahisi kutunga na rahisi kusahihisha, nimetunga mengi mwenyewe saa tano usiku. Mwanafunzi anasoma kile kinachoulizwa, tukiuliza orodha atasoma orodha. Ila mwanangu, baada ya chuo kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na ukipita huo kuna saa 6 usiku pale wodini. Usiku hauulizi taja.

---

Sista Nala

Mrejesho wakuu, wiki tatu zimepita.

Saa imenunuliwa, ya mshale wa sekunde, soko la Majengo, na tumepatana bei mpaka muuzaji akatuuliza kama tunatoka Singida. Kitabu cha ukunga tumekipata kwa dada aliyemaliza, kimechoka jalada ila mwaka wake tumeusoma kwanza kama Mwalimu alivyotuelekeza. Mwongozo wa Wizara nimemwekea kwenye simu. Laki ikaisha hapo, na kwa shingo upande nikaongeza elfu chache akafotokopi desa la kijani, maana kila nikimkataza ananisomea maneno ya Binti Kondoa.

Juzi saa nne usiku ananipigia. Nikadhani kuna msiba. "Dada, kumbe mpira wa dripu wa watoto pakiti imeandikwa 60! Kwa hiyo mililita kwa saa na matone kwa dakika ni namba ileile. Mililita 30 kwa saa, matone 30. Sitini kwa sitini zinakatana! Kwa nini hukuniambia?" Sikumwambia kwa sababu miaka yote nimekuwa nikifanya ile hesabu ndefu kwenye kiganja cha glovu.

Jumamosi nikapita kwake Ng'ong'ona. Desa liko kitandani, limefunguliwa ukurasa wa 34. Juu ya doa kabandika kipande cha karatasi nyeupe, kwa kalamu ya bluu: "3. Mkojo angalau ml 30 kwa saa. Dawa inatoka mwilini kupitia figo." Pembeni kachora figo, baya kama embe lililong'atwa. Nikamwuliza kama hilo desa ameshamwonyesha mtu. Akasema wenzake watatu walikwenda nalo Ijumaa kulifotokopi.

Stesheneri, wakikuletea lenye figo, tona iwe imejaa.

Kibuyu, sofkopi bado haipo.